Mwovu ni Nani?

Wapo wadaio kwamba filamu za wanyonya damu ni upuuzi wa kuwatisha watoto. Siafikiani nao. Mwaka 1971 Mbelgiji Harry Kümel alitoa filamu iitwayo Les lèvres rouges. Delphine Seyrig anaigiza humo mnyonya damu aitwaye Báthory, bibi wa ukoo bora anayefika katika hoteli tupu mjini Ostend, pwani ya Ubelgiji, majira ya baridi. Hapo anawakuta maharusi, Stefan na Valerie.

Báthory hatoi meno wala hapigi mayowe. Huzungumza kwa upole, hutabasamu, hungoja. Anayemchapa Valerie kwa mshipi ni mumewe, asiyekunywa damu ya mtu. Bibi huyo ndiye amwonyeshaye Valerie njia ya kuponyoka, ingawa njia yenyewe ni mtego mwingine. Nilipoitazama, nilishindwa kuamua mwovu ni nani.

Darasani tumezoea kuwagawa wahusika mafungu mawili, wema na wabaya, kisha tukafunga madaftari. Mwanafunzi asiyeulizwa zaidi ya hayo atamwogopa mgeni aliye mlangoni, asimtambue dhalimu aliye ndani ya nyumba.