Mama Kiprop na jina lisilotajwa

Mwanamke wa Kikalenjin anayejifungua mvulana mvua ikinyesha humwita Kiprop. Ni jina la kukumbukia saa: Kimutai alizaliwa alfajiri, Kibet mchana, Kiplagat giza likiingia, Kipruto mama akiwa safarini. Jina humfunga mama pia. Tangu siku hiyo, sokoni Eldoret, kanisani na kwenye chama, yeye ni Mama Kiprop. Wapo waliomzoea miaka ishirini bila kujua jina alilopewa na wazazi wake.

Kiprop akifa kwa maradhi au ajali, mama anabaki Mama Kiprop. Kiprop akijitoa uhai, watu husita. Aliyekuwa akimwita mama huyo kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara sasa humpungia mkono tu. Mwingine humhamishia jina la binti mdogo, akamwita Mama Chebet, kana kwamba Chebet ndiye kifungua mimba. Hufanya hivyo kwa huruma, asije akatonesha kidonda. Lakini mama aliyefiwa na mwana wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa akipiga simu kila jioni kuuliza kama ng'ombe wamekamuliwa, husikia jambo jingine kabisa: mwanawe ameondolewa hata ndani ya jina lake yeye.

Kusita huko kuna mizizi. Mtoto wa Kikalenjin hupewa pia jina la jamaa aliyetangulia, liitwalo kurenet. Akina mama wazee huketi na kichanga wakitaja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, bila haraka, macho yakiwa puani mwake. Pengine ugoro kidogo husaidia. Jina likitajwa na mtoto akapiga chafya, basi: aliyekufa amekubali kurudi, na vigelegele hupigwa. Katika kutaja huko, aliyejitoa uhai kwa desturi hurukwa. Huhofiwa kwamba akirudi atarudi na kifo chake. Waluhya na Waluo wanaoishi Langas na mitaa mingine ya Eldoret wana miiko inayofanana na hiyo: mazishi ya haraka, kilio kifupi, kaburi pembezoni mwa boma.

Sheria na dini ziliongeza uzito. Kanuni za Kanisa Katoliki za 1917 zilimnyima aliyejitoa uhai mazishi ya kanisa. Katazo hilo halimo katika kanuni za 1983. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, urithi wa mkoloni, kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hukumu ikifika miaka miwili jela. Uingereza yenyewe ilifuta kosa hilo 1961. Kenya ilisubiri hadi Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi alipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Hata hivyo lugha haijabadilika: "kujiua" bado ni mtoto wa "kuua", na mzazi anayelisikia neno hilo kituo cha polisi, kabla mwili haujapasuliwa na kutolewa mochari, huhisi anaulizwa habari za mshukiwa.

Ndipo hutungwa wasifu wa marehemu. Kijitabu cha mazishi huwa na picha nzuri. Shule zatajwa, mtihani, kazi ya kwanza, harusi. Aya ya mwisho hukwepa: aliugua kwa muda mfupi, aliitwa ghafla. Waombolezaji wote wanajua, na wote wanatazama chini.

Mshauri nasaha anayempokea mzazi wa namna hii, iwe Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi au kwenye ofisi ya parokia, haanzi na kifo. Huuliza jina. Alizaliwa saa ngapi? Mvua ilikuwa kubwa? Huomba aone picha kwenye simu, na mama akicheka kwa kukumbuka jinsi kijana alivyounguza mahindi ya kuchoma kila mara, mshauri hucheka naye. Hatia huja baadaye, na huja kwa wingi: simu iliyolia ikaachwa, deni alilotaja mara moja tu, ukimya uliodhaniwa ni uchovu wa kazi. Mshauri hamwambii mama kwamba hakuna alichoweza kufanya, maana hilo hakuna anayelijua. Humwonyesha kwamba leo anaitazama simu ile akiwa na habari ambayo siku ile hakuwa nayo. Huwauliza pia ndugu za marehemu wanalalaje, na kama wao wenyewe wamewaza kufa. Swali hilo likiulizwa kwa upole na waziwazi halimpandikizi mtu wazo, humfungulia mlango. Edwin Shneidman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa taaluma ya kuzuia kujiua, alifundisha kwamba kuwatunza waliobaki ni kinga kwa kizazi kijacho.

Mengine mshauri hawezi kuyamaliza. Kwa nini? Mbona hakusema, naye alipiga simu jioni ileile akauliza habari za ng'ombe? Mama huyabeba maswali hayo hadi siku mke wa mwanawe mwingine anapojifungua. Sasa yeye ni bibi, naye huketi na wazee kumtajia mtoto majina. Baba mkwe, shangazi, babu wa babu. Kichanga kinatulia, hakijapiga chafya. Jina analolitaka liko kwenye ulimi wake, na wanawake wenzake wanamtazama.