Tuchague Maji Kwanza, Kisha Chombo

Imekuwa desturi katika visiwa vyetu kusema kwamba bahari si mahali pa mchezo. Bahari ni njia ya msafiri, ni riziki ya mvuvi, ni shamba la wakulima wa mwani; na anayekwenda humo bila ya kazi maalumu huonekana ana wazimu au ana bahati mbaya inayomwita. Sisi hatuikatai hekima iliyomo katika maneno hayo, kwani yamesemwa na watu waliozika ndugu zao, na wengine hawakupata hata maiti ya kuzika. Hata hivyo, twaona umefika wakati wa kulitazama jambo hili kwa jicho jengine.

Mtu akisimama leo katika ufukwe wa Paje, wa Nungwi au wa Kizimkazi, atawaona wageni waliotoka mbali wakiyafurahia maji yetu kwa matanga, kwa makasia, na kwa mbao zinazovutwa na tiara kubwa angani. Hatuwaonei choyo wageni hao; wanalipa, na wengi miongoni mwetu wanakula kwa sababu yao. Linalotusikitisha ni kwamba kijana wa kisiwani, aliyezaliwa hatua chache tu kutoka ufukweni, mara nyingi yupo pale kama mtazamaji. Na siku ya Sikukuu anapotaka naye kujifurahisha, hupanda chombo chochote anachokikuta, pamoja na wenziwe kumi, na kuelekea maji yoyote yaliyo mbele yake. Hapo ndipo furaha inapogeuka msiba.

Misiba ya baharini hatuijui kwa kusimuliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia kupita kiasi, na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 18 Julai 2012, kusi likiwa limeshika, MV Skagit nayo ikapinduka karibu na Chumbe. Hizo zilikuwa meli za abiria, wala hazikuwa vyombo vya matembezi. Lakini funzo lake halina udogo wala ukubwa wa chombo. Kila chombo kina mzigo wake, na kila bahari ina majira yake. Anayeyapuuza mambo mawili hayo hulipa yeye, na hulipa pia waliobaki nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba, ikiwa mambo ni hayo, basi vijana wapigwe marufuku. Marufuku haijapata kumfundisha mtu kuogelea. Mtoto aliyezuiliwa maji leo ndiye abiria wa kesho asiyejua la kufanya chombo kinapoyumba. Wazee wetu walijifunza bahari kwa kucheza: walianza na vidau vya makumbi ya nazi katika maji ya magotini, wakaingia katika mitumbwi ya baba zao, kisha wakashindana kwa ngalawa. Mchezo huo ndio uliowatoa manahodha. Kwa hiyo suala letu si kama watu waende baharini kujifurahisha au wasiende. Suala ni waende maji gani, kwa chombo gani, na saa ngapi.

Kosa kubwa tunaloliona ni watu kuanza na chombo. Mtu akipata boti huuliza itamfikisha wapi. Mpango ulio sawa ni kinyume chake: kwanza maji, kisha chombo.

Katika kuchagua maji, la kwanza la kutazama ni upepo. Visiwa vyetu vina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi, na kusi hushika baada ya masika, likawa kali zaidi kati ya Juni na Agosti. Siku za kusi pwani ya mashariki hupigwa na mawimbi, na mtu mwenye akili hatoki nje ya mwamba kwa chombo kidogo. Watu wengi hukimbilia magharibi, ambako bahari hulala kama maji ya mtungini. Lakini twatahadharisha kwamba utulivu huo una hadaa. Upepo wa kusi unapopita juu ya kisiwa hutoka ufukweni ukielekea nje. Aliye na kafi moja hupelekwa taratibu huku akicheka na wenziwe, na anapogeuka kutazama nyuma, minazi imekuwa midogo. Upande wa Pemba hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwani nje ya Misali bahari hushuka ghafla, na kina cha mkondo ulioko kati ya Pemba na bara hupita mita 700. Humo nanga ya chombo kidogo haifiki chini, na maji hukimbilia kaskazini, hasa wakati wa kusi.

La pili ni kupwa na kujaa. Siku za bamvua, zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi kumi na nne, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo katika pwani zetu hukaribia mita 4. Siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kisha kila siku husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, tofauti hupungua na mikondo hulegea. Mwenye kufuata kalenda yetu ya mwezi, basi amekwisha kupata nusu ya elimu ya bahari bila ya kununua kitabu. Anayeanza kujifunza na achague siku za maji mafu. Na atoke maji yanapojaa, ili akikosea, maji yenyewe yamrudishe pwani.

Kwa mizani hiyo, tunayo maji mengi mazuri ya matembezi. Ghuba ya Chwaka imekingwa na rasi ya Michamvi, nayo ina mikoko na majani ya bahari yanayovunja nguvu ya wimbi. Maji yakijaa ni uwanja mpana wa mitumbwi na ngalawa. Yakipwa, sehemu kubwa hukauka, na aliyechelewa hukaa juu ya matope hadi yarudi. Kwenye mlango wa ghuba hiyo, maji yanapotoka hutoka kwa nguvu, kwa hiyo mwanafunzi asiukaribie. Kusini ya Unguja ipo Ghuba ya Menai, iliyo hifadhi tangu mwaka 1997, yenye visiwa vidogo kama Kwale na Miwi na mafungu ya mchanga. Hiyo inamfaa aliyekwisha kujua tanga, akiwa na chombo cha kuaminika na mwenzake mzoefu. Na Pemba imejaaliwa kuliko wote. Mahori yake ya magharibi yameingia ndani ya ardhi kama vidole: Chake Chake, Wete, na maji yaliyoko nyuma ya Fundo na Makoongwe. Ndani ya mahori hayo mtoto anaweza kupiga kafi nusu siku asikutane na wimbi la kumtisha.

Baada ya kuyajua maji, chombo hujichagua karibu chenyewe. Ndani ya hori na katika vijia vya mikoko, mtumbwi ndio wenyewe: mwembamba, hautaki kina, huenda kwa kafi au kwa upondo. Aibu yake ni kuyumba. Basi watu wasizidi wawili au watatu, wakae chini, na asisimame mtu kumrushia mwenziwe maji.

Katika maji mapana yaliyo ndani ya mwamba, hatujaona chombo kinachoipita ngalawa. Gogo lake huchongwa kwa mti kama mwembe, na matengo yake mawili, moja kila upande, huizuia isipinduke upepo unapoibana. Hupita juu ya maji ya magotini, huenda kwa tanga bila ya kula mafuta, na mafundi wake wangalipo. Mwenye kuitumia hana budi kukagua kamba zinazofunga matengo kila anapotoka, kwa kuwa uzima wa ngalawa uko katika mafungo yake. Familia yenye watoto na wazee, au kikundi cha skuli, hicho kinataka dau au mashua yenye ubavu mpana na nahodha aliyezoea, si ngalawa tatu zilizofungwa pamoja.

Boti za faiba nazo zimeenea, na zina faida: ni nyepesi, hazioshwi na kupakwa mafuta kila mara, wala hazitobolewi na wadudu wa baharini. Lakini wananchi wafahamu jambo moja. Mbao ikijaa maji huelea. Faiba tupu ikijaa maji huzama. Kabla ya kununua boti hiyo, mnunuzi aulize kama imewekewa vyumba vya hewa au povu gumu la kuielekeza juu. Muuzaji asiyeweza kuionesha sehemu hiyo, aachiwe boti yake.

Na tusidhani kwamba chombo kidogo ni cha kudharauliwa. Mwaka 1947, huko Florida nchini Marekani, fundi Clark Mills alitengeneza kimashua cha mbao nyembamba, chenye urefu usiofika mita mbili na nusu na tanga moja, ili watoto wajifunze bahari kwa gharama ndogo. Kimashua hicho, kiitwacho Optimist, kimeenea ulimwenguni, na mabaharia wengi mashuhuri wa mashindano walianzia humo. Nchi tajiri hazikumpa mtoto meli. Zilimpa kitu anachoweza kukiendesha mwenyewe katika maji yaliyofungwa. Mafundi wetu wa Nungwi wanaounda majahazi hawawezi kushindwa na kisanduku cha mbao.

Tukifika hapo, twapenda kusema neno kwa wanaotafuta furaha: bahari ina wenyewe. Kamba na vijiti vya mwani katika pwani ya mashariki si takataka za kukanyagwa. Ni jasho la mama zetu. Madema na nyavu za watu zisiguswe. Mikoko isikatwe kwa ajili ya kufungulia njia ya kupita. Na katika hifadhi, kama vile Misali na Chumbe, nanga isitupwe juu ya matumbawe. Starehe inayomharibia jirani riziki yake ni uonevu, hata ikifanywa kwa kicheko.

Kwa viongozi wetu tuna mambo manne, na hatudhani kuwa ni makubwa. Kwanza, kila wilaya iteue maji yake ya matembezi, kwa ushauri wa wavuvi na wazee wa pwani, na mipaka yake iwekewe maboya ambayo hata mtoto atayaona. Pili, Mamlaka ya Usafiri Baharini itoe masharti mepesi yanayoeleweka kwa vyombo vidogo vya matembezi: idadi ya watu iandikwe ubavuni, na kila aliyemo awe na jaketi la kuokolea maisha, na ndani iwemo kata ya kufulia maji, kafi la akiba na nanga yenye kamba ya kutosha. Tatu, kuogelea kufundishwe maskulini, kwa wavulana na kwa wasichana. Nungwi imekwisha kuonesha kwamba wasichana waweza kufundishwa wakiwa katika mavazi ya stara, kwa hiyo udhuru huo umekwisha. Nne, katika fedha za Uchumi wa Buluu, ambao tangu mwaka 2020 umepewa wizara yake, litengwe fungu la mafundi wa ngalawa na la kupanda miti yao. Mti wa ngalawa haukui kwa mwaka mmoja, na fundi akifa bila ya mwanafunzi, hatuwezi kumwagiza kutoka ng'ambo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Nasi wananchi tusikae tukingoja maboya. Kila mzazi aweza leo kumpeleka mwanawe kwenye hori lililo karibu, maji yanapojaa, na kumfunza kuelea. Kila kikundi cha vijana chaweza kuweka kanuni yake: mmoja abaki pwani akijua wenzake wamekwenda wapi na watarudi saa ngapi, simu ifungwe ndani ya mfuko usiopenya maji, na mwenye kukataa jaketi abaki nchi kavu. Wakichelewa kurudi, aliyebaki pwani asisite: awaite wavuvi, na awaarifu KMKM kabla jua halijazama.

Sisi ni watu wa visiwa. Kuiogopa bahari kwa kutoijua hakutatuokoa nayo, kwa sababu hata asiyeipenda atalazimika siku moja kuivuka kwenda kwa daktari, kwenye harusi au kwenye mazishi. Afadhali basi watoto wetu waijue wakiwa wadogo, katika maji yaliyochaguliwa, ndani ya chombo kinachowafaa, mbele ya macho ya wakubwa wao. Siku watakapokutana nayo katika ukali wake, haitakuwa mgeni kwao.