Mkono kuvimba baada ya saratani ya titi: Usiache dawa

Mama mmoja wa Likoni alikuja kuniona mkono wake wa kushoto ukiwa umevimba hata bangili haipiti. Alikuwa ameondolewa titi na bado alikuwa akitundikiwa dawa za saratani. Majirani walimwambia ni matende. Wengine walisema ni zile dawa, aziache. Tayari alikuwa ameruka zamu moja.

Hilo ni kosa la hatari.

Mwilini mna maji yaitwayo limfu. Hupita katika vijishipa vyembamba na kuchujwa na tezi kabla ya kurudi katika damu. Tezi za mkono ziko kwapani, na huko ndiko saratani ya titi hupenda kuenea kwanza. Daktari wa upasuaji akiziondoa, au miale ya matibabu ikiacha makovu, maji hukosa njia na mkono huvimba.

Matende hutokana na minyoo inayoenezwa na mbu. Sisi wa Pwani tunayajua: mwaka 2018 wakazi wa Jomvu, jirani zetu wa Changamwe, walipewa dawa aina tatu kwa pamoja ili kuyatokomeza. Dawa hizo hazitaponya mkono uliopoteza tezi.

Je, dawa za saratani zina lawama? Kiasi tu. Baadhi yake, kama docetaxel, hufanya maji yavuje kutoka mishipa midogo ya damu. Uvimbe huo huweza kuonekana hata miguuni, na kwa kawaida hupungua matibabu yakiisha. Mwambie daktari wako, naye ataamua la kufanya. Ukiacha mwenyewe, unaipa saratani nafasi ya kurudi.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa takriban mwanamke 1 kati ya 5 waliotibiwa saratani ya titi huvimba mkono. Hatari huzidi kwa aliyeondolewa tezi nyingi na kwa mwenye uzito mkubwa. Uvimbe waweza kuanza hata baada ya miaka.

Ufanye nini? Dalili za mwanzo ni mkono kuwa mzito, au pete na mkono wa nguo kubana. Usingoje. Osha ngozi na kuipaka mafuta isipasuke. Jihadhari na kisu, mbuzi ya kukunia nazi na moto wa jikoni. Piko usiipake mkono huo, kwani huweza kuchoma ngozi. Mazoezi hayadhuru, anza na uzito mdogo, uongeze polepole. Uliza hospitalini kuhusu soksi ya mkono na ukandaji wa mtu aliyefunzwa.

Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, nawe una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukivimba ghafla kwa maumivu, nenda pia: huenda damu imeganda au saratani imerudi.

Mama yule alirudi kwenye dawa zake. Nawe usikubali maneno ya barazani yakutoe kwenye matibabu.