Ukienda Kisii kujifunza kutengeneza taa, mtafute fundi kwanza

Shule zikifungwa, kuna jamaa zetu wa Mombasa na Kilifi ambao badala ya kwenda Lamu hupanda treni hadi Nairobi, kisha matatu ya Narok, mpaka nchi ya Wakisii. Wengine wana wakwe kule, wengine watoto wao wako vyuoni, wengine wanafuata ndizi. Nimeulizwa zaidi ya mara moja: mtu akiwa kule siku tatu nne, tuseme pande za Masimba, atapata wapi darasa la kutengeneza taa za kienyeji?

Najua swali limetoka wapi. Limetoka kwenye simu. Watu wameona watalii kule Hoi An, Vietnam, wameketi mezani wanakunja mianzi na kuivika hariri, kisha kila mmoja anaondoka na fanusi yake akipigwa picha. Hoi An ni mji wa kale ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1999, na taa zake ni biashara kubwa, kwa hivyo madarasa yamejaa na mgeni kazi yake ni kuchagua tu. Masimba haiko hivyo. Ni mji mdogo wa soko huko Nyaribari Masaba, kwenye vilima vya chai na migomba. Usitarajie bango la darasa wala mtu wa kukupokea na sharubati. Ukitaka kujifunza huko, darasa utaliunda wewe na fundi, na ndiyo sababu nasema uchague mtu kabla ya kitu kingine.

Tuelewane kwanza ni taa gani. Sisi pwani tuna kandili, tuna fanusi, tuna karabai ya pampu iliyokuwa ikiwashwa kwenye maulidi na harusi kabla ya stima kufika kila mtaa. Bara, taa ya mnyonge ni koroboi, ile ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita kibatari. Ni mkebe wa mafuta, kifuniko, kimirija cha bati na utambi. Hiyo ndiyo taa ya kienyeji ya Kenya hasa, na aliyeitengeneza ni fundi wa bati wa jua kali, yule yule anayetengeneza majiko, karai na mabomba ya kukinga maji ya mvua.

Kuitazama ni kama mchezo, ila kuitengeneza ina adabu yake. Mkebe huoshwa na kukatwa kwa mkasi wa bati. Ukingo hukunjwa ili usikate mtu. Kimirija huviringishwa kwenye msumari mnene mpaka kingo mbili zikutane, halafu hupitishwa kwenye tundu la kifuniko. Viungo hukunjwa kimoja ndani ya kingine, ndipo vikalehemiwa kwa chuma kilichopashwa moto kwenye makaa. Kazi yote iko kwenye kukunja. Lehemu huziba tu, haishiki uzito, na mwanafunzi asiyefundishwa hilo atatoa taa inayovuja mafuta kwenye meza ya mkewe.

Sasa, fundi huyu soko lake linamponyoka. Mwaka 2018 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa, pamoja na tozo ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Kabla ya hapo taa za sola za kulipia kidogo kidogo zilikuwa zimeshaingia vijijini, na nguzo za umeme zikifuata. Sioni sababu ya kulilia koroboi. Moshi wake umeumiza vifua vya watoto wengi, na ikipinduka usiku huchoma nyumba. Ila mkono uliojua kuikunja bado upo, na mgeni anayelipa siku nzima ya mafunzo anaweza kumfaa fundi kuliko wateja kumi wa kuziba karai.

Basi utamchaguaje? Ukifika soko, usianze kwa kuuliza nani anafundisha. Uliza akina mama wauza mboga nani alitengeneza jiko lao na limekaa miaka mingapi. Ukitajiwa jina lile lile na watu watatu, umempata. Nenda ukae kidogo utazame. Tazama kama ana kijana anayefanya kazi pembeni yake, na kijana huyo akikosea anaambiwa nini. Fundi anayemnyang'anya mwanafunzi nyundo na kumalizia mwenyewe atakunyang'anya na wewe, na utarudi Mombasa na taa yake, si yako. Cheti ni kizuri: mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hupima mafundi kwa gredi, kuanzia ya tatu hadi ya kwanza. Lakini mafundi wengi wazuri hawajawahi kuketi mtihani huo, kwa hivyo usimkatae mzee kwa kukosa karatasi.

Msalimie kwanza. Asubuhi "bwakire" itakufungulia mlango, kisha endelea kwa Kiswahili, naye atakujibu. Halafu mzungumze pesa kabla ya kushika mkasi. Hapa ndipo sisi wageni hujidhalilisha, tunapatana bei ya taa moja na kumkalisha mtu tangu asubuhi hadi alasiri. Muulize angeuza kazi ya kiasi gani siku hiyo. Tuseme ni koroboi kumi za shilingi 50, hiyo ni 500 aliyoipoteza kwa ajili yako, nawe hujalipia bati, makaa wala bidii ya kufundisha. Anzia hapo kwenda juu. Ukipitia kwa dalali wa Kisii mjini, uliza mbele ya fundi mwenyewe atapata ngapi.

Na siku uiangalie. Wakisii wengi ni Wasabato, kwa hivyo Jumamosi utakuta vibanda vingi vimefungwa. Jumapili wapo wa misa. Ijumaa wewe mwenyewe utataka kuwa karibu na msikiti. Jumatatu hadi Alhamisi ndizo siku zako.

Usitengeneze koroboi ya mafuta. Mwombe fundi mfanye fanusi ya mkebe, yenye mlango mdogo na mpini, ya kuwekwa mshumaa au taa ndogo ya sola. Mkebe ujazwe mchanga mbichi ukashindiliwa, ndipo utobolewe kwa msumari kufuata mchoro, la sivyo bati hubonyea. Tumia mikebe ya maziwa au mafuta ya kupikia. Iliyowahi kutia dawa ya wadudu iache. Wakati wa kulehemu kaa upande upepo unakotoka, na watoto wasimame mbali, maana lehemu nyingi zina risasi.

Asiyependa bati aende Tabaka, upande wa pili wa mji wa Kisii, ambako jiwe laini la sabuni huchimbwa na kuchongwa kuwa vinara vya mishumaa, bakuli na wanyama. Huko wageni wamezoeleka zaidi. Jiwe huchongwa kwa panga na visu, kisha husuguliwa kwa msasa likiwa ndani ya maji, kazi ambayo mara nyingi ni ya wanawake. Akikuonyesha mtu akisugua kwenye vumbi kavu bila kufunika pua, tafuta kwingine. Asiyetaka sanamu aombe kinara cha nakshi. Ila jiwe ni zito na huvunjika, na safari ya kurudi ni ndefu.

Mimi nikishauri bado nitaegemea bati, kwa sababu moja ya biashara. Kule Cairo fanusi ya Ramadhani ya bati na vioo vya rangi ilikuwa ikimezwa na za plastiki kutoka China, hata mwaka 2015 Misri ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Nasi Ramadhani ikikaribia maduka yetu hujaa zile zile za plastiki, za betri, za kuimba. Ukishajua fanusi ya mkebe hukunjwaje, unajua pia bei yake ya haki. Chukua namba ya fundi wako. Mwagize kumi na mbili katikati ya Rajabu, ukimtumia nusu ya pesa kwa M-Pesa na mchoro wa nyota unaoutaka, naye azitie kwenye gunia na kuzipakia basi la usiku. Mwambie azijaze magazeti ndani, zisibonyee njiani.