Magereza Yaliyogeuka Makumbusho (2): Mwenye Ufunguo Yuko Wapi?

Wiki iliyopita tuliona jinsi jela za mkoloni zilivyogeuzwa makumbusho. Leo tutazame masimulizi anayopewa mgeni: mfungwa anaelezwaje, na askari wake je?

Tuanzie Kapenguria, Kenya. Oktoba 20, 1952 Mwingereza alitangaza hali ya hatari na kumkamata Jomo Kenyatta. Yeye, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko walishtakiwa kuongoza Mau Mau, na Aprili 1953 wakahukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Seli walimofungiwa hapo Kapenguria wakati wa kesi ni makumbusho tangu 1993. Ni haki waenziwe. Lakini kila seli ilikuwa na kufuli, na kufuli lilikuwa na mtu. Huyo hatajwi.

Pwani, hata mfungwa mwenyewe amefifia. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958; ngome ya Lamu tangu 1910 hadi 1984. Mgeni husimuliwa zaidi Wareno, mizinga na masultani. Mwizi wa kuku na manyapara waliolala humo miaka yote hiyo hawana msimulizi.

Robben Island, Afrika Kusini, makumbusho tangu 1997, walichagua njia nyingine: waliokuwa wafungwa wa kisiasa ndio wanaowatembeza wageni. Christo Brand, aliyekuwa askari magereza aliyemlinda Nelson Mandela kifungoni, naye alirudi kufanya kazi kisiwani. Mgeni anatambua kwamba pande zote mbili za nondo walikuwapo watu.

Kwetu Bomang'ombe jambo hili si la mbali. Gereza la Karanga, Moshi, tunalijua, na viatu vinavyotengenezwa humo tumevivaa. Askari magereza ni shemeji na majirani zetu. Wafungwa ni watoto wetu. Makumbusho yakimficha askari, kijana ataamini kwamba uonevu ulijitenda wenyewe. Sivyo. Ulitendwa na watu wenye mshahara na familia, wengi wao Waafrika wenzetu, waliotii amri. Huyo aonyeshwe: kiapo chake, hofu yake, na pale alipompenyezea mfungwa barua au alipomwongezea kiboko. Ndipo atakayevaa sare kesho atajua kwamba naye ana la kuchagua.

Wiki ijayo: Changuu, Zanzibar, ambako jela iliyojengwa iliishia kuwa karantini.