Mzinga wa hewa: Hatari iliyo ndani ya bomba la maji

MABOMBA ya plastiki ya kupitishia maji, yanayouzwa Kisumu hadi Usenge, hayafai kuundiwa mzinga wa hewa, ule unaojazwa kwa pampu ya baiskeli ili urushe kiazi kwa kishindo.

Maji karibu hayabaniki. Bomba likipasuka, shinikizo hutoweka papo hapo. Hewa ni mithili ya springi. Lita nane zikishindiliwa katika nafasi ya lita moja, ufa mdogo hugeuka mlipuko unaorusha vipande vyenye makali usoni mwa anayepiga pampu.

Kipimo kilichochapwa kwenye bomba, anachokitegemea fundi wa uani, ni cha maji baridi. Joto huilegeza plastiki, na jua la miaka huifanya ivunjike kama kigae. Bomba lililostahimili mara 20 laweza kulipuka mara ya 21.