Tingatinga halioni nyumba ya udongo

Ukifika kisiwa cha Songo Mnara, Kilwa, utaona magofu ya mawe. Nyumba za udongo je? Watafiti walizunguka huko na kifaa cha kupima usumaku, bila jembe. Chuma na udongo ulioungua hubadilisha usumaku wa ardhi, hivyo alama zikajitokeza. Walipochimba, wakakuta mabaki ya nyumba za fito na udongo pale palipoonekana patupu.

Sasa waza barabara ikipita mahali kama hapo huku kwetu mashambani. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inataka ukigundua kitu cha kale uripoti ndani ya siku 7. Poa, lakini bila vipimo kabla ya mkandarasi kuingia, dereva wa tingatinga atagundua nini? Kwa macho, sakafu ile ni udongo tu. Anapakia lori.